Seven Falls mwezi Machi: angalia vivuko kwanza, maporomoko baadaye

Swali: Tulihamia Tucson, Arizona, mwaka jana. Katikati ya Machi mimi na mume wangu tunataka kumpeleka mtoto wetu wa miaka tisa kwenye maporomoko ya Seven Falls, twende na kurudi siku hiyo hiyo. Tunasikia njia inakatiza kijito mara saba. Je, mwezi huo maji yapo? Tubebe nini, na tutajuaje kwamba kuvuka ni salama?

Jibu: Dada, kwa kawaida Machi maji yapo, ila kalenda isikudanganye. Kijito cha Bear Canyon hakitiririki mwaka mzima. Hulishwa na mvua za majira ya baridi pamoja na theluji inayolala juu kwenye milima ya Santa Catalina, ambayo kilele chake, Mount Lemmon, kina urefu wa karibu mita 2,790. Baridi ikipita kavu, Machi mtakuta vidimbwi na michirizi tu kwenye mwamba. Ikinyesha vizuri, mtayasikia maporomoko kabla ya kuyaona. Lakini maji yanayoyapendezesha maporomoko ndiyo hayo hayo mtakayoyakanyaga mara saba mkienda na mara saba mkirudi. Mwaka ambao kila mtu anataka kwenda ndio mwaka ambao wengine hukwama ng'ambo.

Kutoka kituo cha wageni cha hifadhi ya Sabino Canyon, korongo la jirani, kwenda na kurudi ni karibu kilomita 13. Mkipanda gari la abiria la hifadhi hadi mwanzo wa njia ya Bear Canyon, inabaki kama kilomita 8. Kwa mtoto wa miaka tisa tofauti hiyo ni kubwa, maana sehemu mnayoiruka ni ile ya wazi, isiyo na kivuli, ambayo wakati wa kurudi mngeipita miguu imechoka na jua likiwa kali. Tatizo la gari ni ratiba. Halianzi safari alfajiri, na jioni lina mwisho wake. Angalia ratiba ya siku yenyewe, kata tiketi mapema, kisha uliza waziwazi gari la mwisho linaondoka saa ngapi kituo cha Bear Canyon. Maji yakijaa, magari husimamishwa, kwa hiyo hata mkipanda gari muwe tayari kurudi kwa miguu.

Ushauri wangu ni huu: nendeni kwa miguu jua linapochomoza, au pandeni gari la kwanza kabisa. Katikati ya Machi jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi na huzama karibu saa 12 na nusu jioni. Kwa mwendo wa mtoto, vivuko vikiwemo, hesabuni kilomita mbili hadi mbili na nusu kwa saa. Kutoka kituo cha gari hiyo ni kama saa mbili kwenda na mbili kurudi, ongezeni saa moja ya kukaa majini. Kwa miguu tangu kituo cha wageni ni siku nzima. Jipangieni saa ya kugeuka ambayo hamtaijadili mkiwa njiani; saa sita mchana inatosha, mmefika au hamjafika.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Msiangalie utabiri wa hali ya hewa wa mjini peke yake. Tovuti ya National Weather Service, idara ya hali ya hewa ya Marekani, hukuruhusu kubonyeza mahali popote kwenye ramani na kupata utabiri wa pale pale, kwa hiyo bonyezeni milimani, juu ya korongo, msome mvua, joto na upepo wa huko. Mjini jua linaweza kuwaka huku mvua ya joto ikiangukia theluji kilomita 15 kaskazini. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote za majira haya: mvua yenyewe inatiririka, na inayeyusha theluji iliyoko chini yake.

Kisha fungueni kipimo cha maji cha Sabino Creek kwenye tovuti ya USGS, shirika la serikali ya Marekani linalopima mito. Ni korongo jirani, linatoka milima ile ile, na tabia yake husaidia kukisia. Msihangaike na namba yenyewe. Tazameni mstari wa mchoro wa siku tano au saba zilizopita. Mstari unaoshuka taratibu ni habari njema. Mstari uliopanda ghafla jana ni sababu ya kusubiri siku mbili. Mstari wenye mawimbi, unaopanda na kushuka kila siku, unasema theluji inayeyuka: jua la mchana huyeyusha juu, na maji hayo hushuka saa kadhaa baadaye. Hapo kivuko mlichokipita asubuhi maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu kinaweza kuwafika magotini mkirudi, bila tone la mvua kudondoka popote. Watu wengi hawalijui hili, nao hudhani kivuko cha asubuhi ndicho cha jioni.

Jambo jingine la kuzingatia ni moto wa Bighorn wa Juni 2020, uliowashwa na radi na kuunguza karibu ekari 120,000 za milima hii. Ardhi iliyoungua hunywa maji kidogo na kuyaachia mengi, pamoja na tope, magogo na changarawe. Mimea imerudi sehemu nyingi, lakini mafuriko yaliyofuata yalihamisha mawe na kubadili vidimbwi. Picha za miaka ya nyuma zisiwe ramani yenu ya wapi pana kina na wapi pa kukanyaga.

Namna ya kuvuka

Maji yakiwa machache, mtayaona mawe yamejipanga kivukoni na kila mtu akirukaruka juu yake. Msirukeruke. Mwamba wa korongo hili ni naisi, jiwe gumu lenye mistari, iliyosuguliwa na maji hadi ikang'aa, na ikiwa na utando wa kijani juu yake haishiki soli yoyote ile. Kifundo kilichoteguka au mkono uliovunjika huja zaidi kwa kuruka mawe kuliko kwa kusombwa. Ingieni majini na viatu vyenu, mkanyage chini, mtembee. Mkikubali tangu kivuko cha kwanza kwamba miguu italowa, vivuko sita vinavyobaki havitawasumbua.

Kwa sababu hiyo viatu viwe vya kukimbilia vyenye kitambaa kinachopitisha maji, soli yenye meno, na soksi za sufu nyembamba. Buti za ngozi au zenye utando wa kuzuia maji hujaa maji kwa juu na hazikauki siku hiyo. Ndala na kandambili ni hapana: nje ya maji kuna miiba ya kakati, na ndani ya maji mkondo utazichukua. Kuvuka peku pia hapana, hata kama chini panaonekana mchanga mtupu. Kila mtu awe na jozi ya pili ya soksi ndani ya mfuko wa plastiki, za kuvaa baada ya kivuko cha mwisho. Malengelenge huota miguu ikiwa imelowa na bado kuna kilomita tatu za vumbi.

Kivuko kikiwa na nguvu, hatua ni hizi. Simameni kwanza mtazame chini ya mkondo: kama hatua 20 chini kuna poromoko, gogo lililolala au matawi yaliyonasa, hapo si pa kuvuka hata kama ndipo njia inapoingia. Tafuteni mahali papana. Maji yakibanwa huwa na kina na kasi, yakitanuka hupoteza vyote viwili. Fungueni kamba za kifuani na kiunoni za mikoba, ili mtu akianguka auvue badala ya kuvutwa nao. Geuzeni uso mahali maji yanakotoka, fimbo iwe mbele, mtembee kiubavu mkiburuta miguu, mguu mmoja tu au fimbo vikisogea kwa wakati mmoja. Kipimo changu cha juu kabisa ni goti: maji ya kasi yakifika goti la mtu mzima, rudini. National Weather Service huonya kwamba sentimita 15 za maji yaendayo kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima, na sababu ni kwamba nguvu ya maji haiongezeki sambamba na kasi. Kasi ikiwa maradufu, msukumo huwa mara nne.

Mtoto ana goti lake. Maji yakifika hapo, safari imeishia pale, japo nyinyi mnaweza kuendelea. Maji yakiwa chini ya hapo, baba atangulie upande maji yanakotoka, mtoto awe ubavuni mwake upande wa chini, kwenye kivuli cha maji anachokitengeneza baba, akiwa ameshika mkanda wa mkoba wa baba. Wewe kaa hatua moja chini ya mtoto, tayari kumdaka. Usimbebe mgongoni, ukiteleza mnakwenda wawili, naye yuko juu zaidi na hana pa kujishikia.

Kwenye kivuko cha kwanza fanyeni jambo dogo ambalo litawasaidia sana baadaye. Chagueni jiwe kubwa ukingoni lenye mstari wazi kati ya sehemu iliyolowa na iliyo kavu, mlipige picha kwa simu, na kitu cha kulinganishia kiwemo, kiatu kwa mfano. Rudieni kwenye kivuko cha pili na cha saba. Maporomokoni nako wekeni alama hivyo hivyo mara mfikapo, na kila robo saa mtu mmoja aiangalie. Macho hudanganya, na kijito kinachopanda polepole huonekana kile kile kwa aliyekaa kando yake anakula. Picha haidanganyi.

Maji yakibadilika

Mafuriko ya ghafla yana dalili zake, na hazikawii. Maji maangavu huanza kuwa ya chai. Vijiti, majani na povu huanza kupita. Harufu ya udongo hupanda. Mwisho ni mngurumo, na ukiusikia huo muda umeshakwisha. Dalili yoyote kati ya tatu za kwanza ni amri ya kupanda, siyo ya kukimbilia njia ya kurudi. Njia ya kurudi inapita majini. Pandeni ukingoni, mita kumi juu ya maji ikiwezekana, mbali na mifereji midogo inayoshuka kutoka pembeni.

Korongo la jirani limeacha fundisho linalojulikana mji mzima. Julai 1981, maporomoko ya Tanque Verde, mashariki mwa Tucson, yalipata mafuriko kutokana na mvua iliyonyesha juu zaidi milimani. Watu 8 walikufa. Hayo yalikuwa majira ya mvua za kiangazi ya huku (monsoon), ambayo rasmi huhesabiwa kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30, na ndiyo yenye mafuriko ya kasi kabisa. Ya Machi kwa kawaida hupanda taratibu zaidi, ila hukaa muda mrefu, saa nyingi na pengine usiku mzima.

Kwa hiyo mkikuta kivuko cha kurudi hakipitiki, kaeni. Hiyo ndiyo hatua ngumu kuliko zote, kwa sababu gari liko ng'ambo, mtoto ana njaa, na kuna watu wawili watatu wanaovuka huku wakicheka. Bonde la Bear Canyon si kubwa. Mvua ikikoma maji hushuka, na kama ni theluji, hupungua usiku wa baridi kuelekea alfajiri. Kilichomuua mtu hapo mara nyingi si kukaa, ni kujaribu. Pigeni 911, namba ya dharura, mkiwa bado na chaji. Simu hushika kwa shida ndani ya korongo, basi jaribuni ujumbe mfupi, au mmoja apande mahali pa wazi palipo salama. Kabla ya safari mwachieni mtu jina la njia, namba ya gari lenu na saa ya yeye kupiga 911 akiwa hajawasikia.

Kukaa huko kunawezekana mkiwa mmejiandaa tangu nyumbani: koti la joto na la kuzuia upepo kwa kila mmoja, kofia ya sufu ya mtoto, taa ya kichwani kwa kila mtu (tochi ya simu si taa), blanketi ya karatasi ya fedha, na chakula cha mlo mmoja zaidi. Tucson ya Machi hufika kama nyuzi 23 au 24 mchana na kushuka karibu 8 usiku, na korongoni mtu aliyelowa hupoa haraka. Mtoto akianza kutetemeka, avuliwe nguo za maji kwanza, ndipo avikwe koti.

Maji ya kunywa na jua

Watu wazima wabebe lita tatu hadi tatu na nusu kila mmoja, mtoto lita mbili, ambazo nyingine zitakaa mkobani mwenu. Gawanyeni kwenye chupa zaidi ya moja. Mfuko wa maji wenye mpira ukipasuka unapoteza vyote. Chupa za kioo haziruhusiwi Sabino Canyon. Maji yakifika nusu, mnageuka, popote mlipo. Wekeni pakiti mbili za chumvi za kurudisha maji mwilini, na chakula kiwe na chumvi: karanga, jibini, nyama kavu.

Maji ya kijito yasinywewe hivi hivi, hata yawe maangavu kiasi gani. Kichujio kidogo kinafaa kama akiba, ila baada ya mvua tope laini hukiziba ndani ya lita moja au mbili. Acheni maji yatuame kwanza kwenye chupa, mchuje ya juu. Vidonge vya klorini dioksidi huhitaji dakika 30 kwa vimelea vingi na saa nne kwa kriptosporidiamu, kimelea sugu kinacholeta kuhara. Kwa safari ya siku moja bebeni ya kutosha, vidonge viwe vya dharura.

Jua la Machi huwashangaza watu kwa sababu hewa haina joto kali. Kofia yenye ukingo, shati la mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua kila baada ya saa mbili na kila baada ya kulowa. Mwamba mweupe na maji hulirudisha jua usoni kwa chini, kwa hiyo msisahau chini ya kidevu na ndani ya pua ya mtoto.

Maporomokoni

Baada ya kivuko cha saba njia hupanda kwa kona kona ukutani mwa korongo, na maporomoko huonekana kwa mbali kabla hamjayafikia. Hapo kuna njia panda: ya kushuka ndiyo yenu. Inayoendelea kupanda inaingia ndani zaidi milimani na mwishowe kuzunguka hadi Sabino, safari ya siku ngumu, na kila mwaka wapo wanaoifuata kwa kutazama simu badala ya kibao.

Kaeni dimbwi la chini. Ngazi za juu zinapandika kwa urahisi, kushuka ndiko kunakowashinda watu, kwani mguu unatafuta mahali usipopaona kwenye mwamba uliolowa. Kuruka majini msiruhusu hata kidogo. Kina hubadilika kila mafuriko, maji ya theluji humkata mtu pumzi, na jiwe lililo nusu mita chini halionekani jua likiakisi. Mtoto aingie kwa kutembea, mkono kwa mkono, hadi kiunoni, dakika chache.

Viumbe kidogo. Nyoka wenye njuga mkiani huanza kutoka Machi joto likipanda. Wanapenda kingo za njia na miamba yenye jua. Msiweke mkono wala makalio mahali macho hayajatangulia. Mkimwona, rudini nyuma mita mbili au zaidi, mmzunguke. Akiuma: msikate, msinyonye, msifunge kamba, msiweke barafu, vueni pete na saa, tulizeni kiungo, 911. Kituo cha sumu ni 1-800-222-1222. Kakati aina ya cholla hung'ang'ania nguo kwa kipande kizima. Kitoeni kwa chanuo lililoingizwa kati yake na ngozi, kisha miiba iliyobaki kwa kibano. Mkono mtupu unaongeza tu mkono wa pili kwenye tatizo. Nyuki wa jangwani hufuata maji, na wa Arizona wana damu ya nyuki wa Afrika: kundi likiwavamia, funikeni uso kwa shati mkimbie mbali moja kwa moja. Msizame majini, watawasubiri juu. Mbwa abaki nyumbani, hifadhi haimruhusu.

Mkirudi, pigeni tena picha ya jiwe la kivuko cha saba kabla ya kuingia majini na mlinganishe na ya asubuhi. Mstari ukiwa umepanda upana wa kiganja na maji yamebadilika rangi, msianze mfululizo wa vivuko sita vingine mkitumaini kwamba huko chini ni afadhali. Chini maji huongezeka, maana kila mfereji wa pembeni unamwaga humo.